Sentimita tatu upande wa kushoto

Dalali wa tipa kuukuu ambalo shemeji yangu alitaka kulinunua tulimwambia tutafika saa nne kulikagua. Tukaingia saa moja asubuhi, Julai ya 2018, Moshi ikiwa na ile baridi ya kukunja vidole, makusudi tuikute injini ya tipa imelala. Nikaweka kiganja kwenye rejeta: vuguvugu. Mtu alikuwa ameshaiwasha na kuizima.

"Sasa shemeji, si ndiyo vizuri ikiwaka haraka?" akauliza shemeji yangu, ambaye pesa ya mahindi ya misimu mitatu ilikuwa inamwasha mfukoni.

Dizeli husema kweli ikiwa baridi. Kompresheni ikichoka, starta huzunguka sana kabla moto haujashika, na ukishika gari hukohoa na kutoa moshi mweupe usiokwisha. Ukishaipasha, hayo yote hujificha. Tukanywa chai Majengo hadi saa tatu na nusu, kabini ikiwa imeinuliwa ili chuma kipoe.

Ilishika mzunguko wa pili. Moshi mweupe ukatoka kidogo ukaisha. Wa bluu, ambao ni oili inayoungua, haukuonekana. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma taratibu, nikakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kikirukaruka au kudondoka, ringi zimekwisha na moto unapita pembeni mwa pistoni kwenda chini. Kilitetemeka tu. Oili ya kijiti ilikuwa nyeusi, na kwa dizeli weusi si ugonjwa. Ugonjwa ni rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Maji ya rejeta hayakuwa na mapovu. Turbo niliishika shafti: kucheza kidogo kwa ubavuni inaruhusiwa, kuingia na kutoka hapana. Ilikuwa nzima.

Dalali akaanza kunawiri. Wanunuzi wengi huishia hapo, na wauzaji wanalijua hilo.

Kabla ya kuondoka nikajaza upepo wa breki hadi geji ikafika baa 8, nikazima injini, shemeji akakanyaga breki bila kuachia huku nikihesabu dakika moja kwa saa. Sindano ikishuka zaidi ya baa 0.2 hivi ndani ya dakika, kuna mahali panavuja: hozi, valvu au diaframu ya busta. Haikushuka hata robo ya hiyo. Kisha nikaomba tipa ipakiwe mchanga, nusu ya mzigo wake. Dalali alinung'unika, lakini gari tupu halikuonyeshi kitu mlimani.

Tukaelekea mto Kikafu, penye mteremko na mpando. Kwenye mteremko nikaachia mafuta ili nione kama gia itaruka yenyewe, haikuruka. Tukavuka daraja, kwenye kupanda sindano ya joto ikabaki katikati, moshi mweusi ukaonekana wakati wa kubadilisha gia tu. Klachi ilishika. Ila tulipofika sehemu iliyonyooka niliona usukani umekaa kimshazari. Ili gari liende mbele, ilibidi usukani uinamie kushoto kama nusu kiganja.

Dalali akasema ni alaimenti tu, elfu kadhaa. Inawezekana, na ni mara nyingi inakuwa hivyo. Tuliporudi nikagusa habu zote kwa mgongo wa mkono. Zilikuwa sawa, moja ingekuwa ya moto kuliko nyingine ningetafuta beringi au lainingi inayoburuta. Nikapitisha kiganja juu ya tairi za nyuma, kwenda na kurudi. Upande mmoja laini, ukirudisha mkono inakwaruza kama msumeno. Tairi iliyoliwa hivyo ilikuwa inaburuzwa kimshazari, na za nyuma hazina tairodi, ule mkono wa usukani, ya kurekebisha.

Nikaomba futi kamba. Tukanyoosha tairi za mbele, tukapima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya ekseli ya kwanza ya nyuma, kulia, halafu kushoto. Tukarudia, kwa kuwa shemeji alidhani nimevuta kamba vibaya. Kushoto kulizidi sentimita 3. Milimita chache ningezivumilia.

Hapo ekseli imesogea: ama sentabolti inayoshika springi mahali pake imekatika na yubolti zinazoibana kwenye ekseli zimelegea, ama chesisi yenyewe imepinda. Yubolti zilikuwa ngumu na hazikuwa na mng'ao wa kusuguana. Nikaingia chini na tochi. Chesisi nzima ilikuwa na vumbi la moram, isipokuwa kama mita moja hivi kwenye hanga, kishikio cha springi, ya kushoto, palipopakwa rangi nyeusi mpya. Nikakwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na bamba, na pembeni mwa bamba chozi la kutu likitiririka kutoka kwenye mstari wa welding uliokata ukingo wa chini wa reli, ile boriti ndefu ya chesisi, kwa wima. Ukingo huo ndio unaovutwa mzigo ukikaa. Joto la welding hudhoofisha chuma cha pembeni, na mstari wa wima hukaa palepale ufa unapotaka kupita. Ufa ulikuwa umeshaanza tena, kama urefu wa kucha.

Mwenye gari akapigiwa simu. Kutoka milioni 52 akapunguza milioni 5. Nikamwambia shemeji injini nzuri ameiona kweli, na injini hata ikifa hufunguliwa. Reli ni jambo jingine: namba ya chesisi inayosomeka kwenye kadi imegongwa juu ya reli hizohizo, kwa hiyo ukileta fremu ya gari lingine unaanza safari ya makaratasi TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujabeba tripu hata moja.

Shemeji akamlipa dalali dizeli ya Kikafu, na mchanga akamwachia.