Nilivyolifikisha darasa langu la Uyole hadi Hawaii kwa beseni na feni

Mwanafunzi wa Mbeya huna haja ya kumwambia kwamba mlima unazuia mvua. Akipanda gari Kyela asubuhi, anapita migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu kwenye ukungu, anavuka baridi ya Isongole, anashuka Uyole, na akiendelea hadi Chimala anakuta vumbi la Usangu. Upepo wenye unyevu unaotoka upande wa Ziwa Nyasa umeshamwaga mvua yake kwenye Rungwe na safu ya Livingstone. Usangu wanalima mpunga kwa mito inayoteremka kutoka huko juu. Hilo nalifundisha kwa dakika chache, tunasonga.

Kilichokuwa kinagoma kuingia ni sehemu ya pili: kwamba mlima ukiwa kisiwani unabadilisha mpaka bahari iliyo upande wake wa demani, yaani ule upepo unakoelekea. Mfano wangu ni Hawaii. Mwaka 2001 mwanasayansi Shang-Ping Xie na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba athari ya visiwa hivyo kwenye upepo na maji inafuatika kilomita 3,000 hivi kuelekea magharibi, wakati kwa kawaida ungetarajia ipotee baada ya kilomita mia kadhaa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hivyo vidoto kwenye atlasi ndivyo vivute maji ya Pasifiki?" Wenzake wakacheka. Mimi nikaona huyu ndiye anayenisikiliza.

Nilianza na urefu. Mauna Kea ina mita 4,207, Mauna Loa 4,169, na Haleakala kule Maui 3,055. Upepo wa pale unavuma karibu mwaka mzima kutoka kaskazini-mashariki, na kwenye mita kama 2,000 juu ya bahari kuna tabaka la hewa ya joto lililokaa kama mfuniko, hewa ya chini hailipenyi kirahisi. Basi upepo ukifika kwenye mlima unaopita mfuniko huo, haupandi juu yake. Unazunguka pembeni na kujibana kwenye milango kati ya kisiwa na kisiwa, ambako unavuma kwa nguvu zaidi. Nyuma ya mlima unabaki utulivu. Ndiyo maana Unguja, ambayo ni tambarare, haina habari hizi, lakini ungeiweka Rungwe baharini ungeona vituko.

Hapo wengi waliniitikia, ila bado walidhani utulivu ule ndio kila kitu: hakuna upepo, maji hayachanganyiki, jua linayapasha, basi. Ni kweli, lakini hilo peke yake halikufikishi kilomita 3,000. Jambo lenyewe liko kwenye kingo, pale upepo mkali unapopakana na utulivu. Kwa kuchora ubaoni sikufanikiwa kulifikisha, nikaamua walione.

Kupata feni Uyole ni kazi. Nani anunue feni kwenye baridi hii? Nikaipata kwa mama mmoja mwenyeji wa Kyela aliyehamia nayo. Nikachukua beseni pana la kufulia, nikalijaza maji ya bomba, nikasimamisha tofali la kuchoma ndani, karibu na ukingo wa upande wa feni, kisha nikanyunyiza pumba za mpunga juu ya maji. Feni ikawashwa. Pumba za kushoto na kulia mwa tofali zikaondoka mbio kufuata upepo. Za katikati zikasitasita. Halafu polepole zikaanza kurudi, zikielekea kwenye tofali, kinyume cha upepo! Nikamwita yule kijana wa vidoto amimine kikombe cha maji ya moto yenye rangi nyekundu ya keki kwenye ukingo wa mbali. Ule wekundu ukatambaa juu ya maji baridi, ukafuata mstari wa katikati mpaka karibu na tofali. Darasa zima likawa limeinamia beseni, wengine wamepanda madawati.

Beseni halikupi mzunguko wa dunia, kwa hiyo nikamalizia kwa ramani. Katika kizio cha kaskazini, mzunguko huo hufanya maji ya juu yanayosukumwa na upepo yaishie kuelekea kulia kwa upepo huo. Hawaii kulia huko ni upande wa kaskazini, na upepo mkali unasukuma maji mengi kuliko utulivu. Kwenye kingo ya kaskazini ya utulivu wa Hawaii maji yanatawanyika na yale baridi ya chini yanapanda. Kwenye kingo ya kusini yanakusanyika na maji ya joto yanazama zaidi. Kati ya hizo mbili unatokea mkondo mwembamba unaokwenda mashariki, kinyume cha upepo, ukibeba maji ya joto kutoka magharibi. Maji hayo yanapasha hewa iliyo juu yake, hewa inapanda, upepo wa jirani unavutwa, mawingu yanajipanga. Upepo huo nao unauendeleza mkondo. Setilaiti zilizorushwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ndizo zilizouanika mstari huo wote: QuikSCAT ilipima upepo kwa rada kwa kusoma viwimbi vya juu ya bahari, na TRMM ilisoma joto la maji hata kukiwa na mawingu.

Kwa mtihani niliwapa Madagaska, kwa sababu kusi wanalijua. Kilele chake cha Maromokotro kina mita 2,876. Walitakiwa kueleza kwa nini mashariki ya kisiwa kunanyesha sana na magharibi ni pakavu, na kwa nini upepo unakaza kwenye ncha ya kaskazini. Majibu yalikuja na michoro ya matofali.

Binti mmoja wa Matema akauliza kama Livingstone nayo inafanya hivyo ziwani kwao. Nikamwambia pale ni tofauti: kusi linavuma kwa urefu wa Ziwa Nyasa, na milima ya pembeni inakuwa kuta za ujia. Maji ya joto ya juu yanasukumwa kaskazini, kwao, na yale baridi yanapanda ncha ya kusini, Malawi. Akataka tugeuze beseni tulione na hilo. Tukaondoa tofali.