Pikipiki Inayozima Ukiachia Mafuta: Nilivyoitengeneza Yangu Hapa Malindi

Pikipiki yangu ni kuukuu na haina stata ya umeme, ni kiki tu. Sasa fikiria imekuzimia kwenye makutano, nyuma umefunga sanduku la samaki, barafu inakudondokea mgongoni, na tuktuk zimejipanga zinakupigia honi. Huna kitufe cha kubonyeza. Utafute nyutro, usimame kwa mguu mmoja, na uombe Mungu iwake kwa kiki ya kwanza.

Ajabu yake ni kwamba barabarani haikuwa na neno. Kutoka Malindi kwenda Mambrui ilikuwa ikivuka daraja la Sabaki na mzigo wake bila kukohoa. Tatizo lilikuja nikiachia mafuta tu: inanguruma kidogo, sauti inashuka, inatikisika, kimya.

Ukiuliza stejini, dawa ni moja: kaza ile skrubu ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, mlio upande, basi. Mimi dawa hiyo siipendi. Ni kweli haitazima, lakini utakuwa na pikipiki inayopiga kelele imesimama, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, ukiachia mafuta kwenye mteremko haitaki kupunguza mwendo, na petroli inaungua bure. Injini isiyo na kasoro hukaa kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika bila kushikiliwa. Yangu ilikuwa haiwezi, na nilitaka kujua kwa nini.

Injini yenyewe ni ile ya vali, yaani vile vilango vya kuingiza mchanganyiko na kutolea moshi, zinazosukumwa kwa fimbo, mtindo wa Honda CG125 ulioanza kutengenezwa 1976 na ambao bodaboda nyingi za leo bado zinaufuata. Ni injini rahisi, inafunguka kwa spana chache, na spea zake ziko kila mahali. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kujaribu mwenyewe.

Kabla ya kushika bisibisi nilikaa nikapanga dalili. Ikivuta vizuri mwendoni, basi petroli inafika, jeti kubwa, yaani ile pua yenye tundu la kupitishia petroli, iko wazi, na cheche ipo. Mafuta ya mwendo na mafuta ya kusimama hayapiti njia moja ndani ya kabureta. Ukivuta mkono, kile kipande kinachopanda na kushuka kinanyanyuka na jeti kubwa inafanya kazi. Ukiachia, kinashuka karibu kuziba kabisa, na injini inabaki inanyonya kwenye jeti ndogo kupitia tundu dogo sana upande wa injini. Kwa hiyo ningeanza kwa jeti ndogo, au kwa hewa inayoingia mahali isipotakiwa, na baada ya hapo vali.

Ami yangu aliwahi kutengeneza mashine za boti na pikipiki kabla macho hayajamchosha. Nikampitia baada ya alasiri.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Bado yakuzimia?”

“Bado.”

“Iwashe. Sasa vuta choki nusu, usiguse mafuta.”

Nikavuta. Ile injini iliyokuwa inakufa ikasimama imara, ikanguruma. Nikarudisha choki, ikaanza tena kuyumba. Ami hakusogea pale alipokaa. Alisema tu, “Yapata hewa nyingi, petroli kidogo.”

Jaribio hili halina gharama, na ndilo ningemwambia mtu yeyote aanze nalo. Choki inabana hewa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, petroli nyingi kuliko hewa. Injini ikipata nafuu kwa choki, ujue ilikuwa na njaa ya petroli au inavuta hewa ya wizi. Ikizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, basi petroli ndiyo imezidi, na hapo utafute floti (kile kielea cha ndani ya kabureta) inayovuja, choki isiyorudi, au chujio la hewa lililojaa vumbi. Plagi nayo ikatoa ushahidi huohuo: nilipoifungua ilikuwa nyeupe nyeupe, wala si ile rangi ya kahawia ya injini inayokula sawa. Na nilipoifikiria vizuri, hata ile milipuko midogo kwenye silensa nikishuka kilima ilikuwa inasema jambo lile lile.

Nikaanza na hewa ya wizi kwa sababu haihitaji kufungua kitu. Watu wengi hunyunyiza petroli kwenye maungio na kusikiliza. Kwenye injini yenye moto, na waya wa plagi uko pale pale, mimi siko tayari. Nilichukua ile chupa ya maji ya kupigia nguo pasi. Injini ikiwa inanguruma, nikanyunyiza kidogo kidogo pale kabureta inapokutana na injini. Upande wa kulia, hakuna. Chini, hakuna. Upande wa kushoto, mlio ukabadilika papo hapo. Ukashuka, ukapanda, ukatulia maji yalipokauka. Nikarudia ili nisijidanganye. Jibu lile lile.

Kati ya kabureta na injini kuna kile kipande cheusi cha plastiki ngumu kinachozuia joto lisipande kwenye kabureta, na kila uso wake una oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia. Nilipofungua zile nati mbili, oringi moja ilikuwa imelala bapa kabisa, ngumu, hata kucha haiingii. Badala ya kuziba, ilikuwa imeacha mwanya. Na injini ikiwa inanguruma polepole inavuta kwa nguvu sana pale nyuma ya kabureta, kwa hiyo mwanya ambao mwendoni huusikii, ukisimama ndio unaoua. Oringi mpya bei yake ni ya chai na mahamri. Kabla ya kurudisha, niliweka rula kwenye uso wa kabureta kuona kama umepinda, maana mtu akizikaza zile nati kwa hasira masikio ya kabureta hupinda na hakuna oringi itakayoziba. Ulikuwa sawa.

Kwa kuwa kabureta tayari ilikuwa mkononi, nikaifungua. Kwanza nilimwaga petroli ya kwenye kikombe chake ndani ya chupa ya kioo, mbali na jiko, nikaiweka juani. Hebu fanya hivi siku moja uone unachochoma. Chini kulikuwa na matone ya maji yaliyokaa peke yake, hayachanganyiki, na vumbi jekundu la kutu. Hapa kwetu hewa yenyewe ina unyevu; tangi likilala usiku kucha likiwa nusu tupu, maji hupatikana ndani yake hata kama hukununua petroli ya chupa kando ya njia. Na ukinunua ya chupa, ndiyo kabisa.

Jeti ndogo ni ya shaba ya njano, laini, na ina mkato wa bisibisi. Bisibisi iwe imejaa sawasawa kwenye mkato, la sivyo utaula na jeti itabaki humo daima. Yangu ikatoka. Nikaiinua juu kuelekea mbinguni nikachungulia: kwenye jeti kubwa unaona mwanga wa duara safi, kwenye hii niliona kijimwanga cha pembeni tu. Petroli iliyokaa ikikauka huacha utando wa njano unaonata, na tundu la jeti ndogo ni jembamba kiasi kwamba utando kidogo unatosha.

Niliiloweka kwenye petroli safi, halafu nikachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme nikaupitisha taratibu. Si sindano, si pini, wala si waya wa breki. Chuma kitalikwangua tundu likawa kubwa, na hapo umeinunulia injini tatizo jingine. Kabureta nyingine jeti hii imegongomelewa, haitoki. Hizo ni kuloweka na kupuliza tu. Baada ya hapo nikaenda kwa fundi wa pancha, yeye ana kompresa, nikamwomba anipulizie kila tundu, hasa vile vitundu vidogo viwili kwenye koo la kabureta ambavyo usipovijua huvioni. Floti nilikuwa nimeshaiondoa. Upepo wa kompresa unaweza kuiharibu.

Skrubu ya mchanganyiko nayo nilitoa, lakini kabla ya kuitoa niliikaza taratibu mpaka ikagusa huku nikihesabu mizunguko, ili nirudishe ilipokuwa. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake inavunjikia ndani. Na angalia iko upande gani, maana hapa watu hugombana bure. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapitisha hewa: ukiikaza mchanganyiko unakuwa mzito. Ikiwa upande wa injini, inapitisha mafuta: ukiikaza mchanganyiko unakuwa mwepesi. Fundi anayekwambia “kaza” bila kuangalia upande anabahatisha.

Nikafunga kila kitu, nikapiga kiki, ikawaka na ikasimama. Nikaiacha ipate moto sawasawa, nikapandisha mlio kidogo kwa skrubu ya kwanza, ile ya mlio, halafu nikacheza na ya mchanganyiko robo mzunguko, robo mzunguko, nikitafuta pale mlio unapokuwa juu na laini kabisa. Nikishapapata, narudi kwa ile ya kwanza naushusha. Kisha nikageuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Mlio ukibadilika hapo, kebo ya mafuta imebana, kabureta haina kosa.

Ningekuwa nimemaliza, lakini haikuwa hivyo. Asubuhi ilikuwa safi kabisa, ikanifikisha Gongoni, ikarudi na mzigo kwenye jua la mchana, na niliposimama mjini ikazima. Si kama zamani. Hii ilikuwa ya moto tu. Choki sasa haikusaidia kitu, na kiki niliihisi nyepesi kuliko asubuhi.

“Vali,” akasema ami, hata sijamaliza kueleza. “Zalia?”

“Hazilii hata kidogo, ami.”

“Ndiyo hiyo sasa.”

Watu husifu injini isiyolia juu. Injini ya namna hii lazima ilie kidogo, kwa sababu pana nafasi ndogo kati ya vali na roka, ule mkono unaoisukuma. Kila vali inavyozidi kula kiti chake, pale inapokaa ikiziba, nafasi hiyo hupungua, mpaka siku vali inashindwa kukaa vizuri ikiwa na moto. Mgandamizo unavuja, mwendoni hutambui, ukiachia mafuta inazima.

Hii hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo nilingoja kesho yake alfajiri. Unatoa plagi, unafungua kifuniko cha juu, unazungusha injini mpaka alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ilingane na alama ya kwenye injini, na roka zote mbili ziwe zinacheza. Kama moja imebana, huenda uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha mara moja zaidi. Kipimo cha injini hii ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Ya kuingiza ilipitisha geji, kile kibati chembamba cha kupimia, vizuri, kwa mkwaruzo mdogo. Ya kutolea moshi geji haikuingia kabisa. Nikalegeza nati, nikarekebisha, nikakaza huku nimeishika skrubu isizunguke, nikapima tena kwa sababu kukaza kwenyewe huibadilisha.

Siku hiyo hiyo nilikata ncha ya waya wa plagi kidogo na kuufunga upya kwenye kofia yake. Ndani kulikuwa na ukijani wa chumvi, kitu cha kawaida kwa chombo kinacholala karibu na bahari.

Sasa inalia kidogo juu, inanguruma chini, na kwenye makutano naiacha mikono yangu ikiwa mapajani. Nimefunga chujio dogo la petroli kati ya tangi na kabureta, lile la plastiki unaloona ndani yake, na jioni nikifika nyumbani nafunga bilula ya petroli mapema ili injini imalize petroli ya kwenye kikombe. Chujio limeshaanza kuwa jekundu chini. Tangi lenyewe bado lina kutu, na kulisafisha ni kulitoa kabisa na kulilaza siku nzima; hilo nitalishika kusi ikichafuka na samaki wakiadimika.