Paa la bati kabla ya kimbunga: anza na viungo

Msimu wa vimbunga upande huu wa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, ila kalenda isikudanganye: Kimbunga Hidaya kilifika mwambao wa Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024. Mtwara nao hawajasahau Kenneth ya Aprili 2019, iliyotua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Kazi ya paa ifanyike Septemba au Oktoba, mbao zikiwa kavu na mafundi hawajabanwa.

Fundi wengi watakushauri kwanza ubadilishe bati, geji 30 zitoke, ziwekwe 28, ambazo ni nene zaidi. Bati nene ni zuri, haliraruki kirahisi kwenye kichwa cha msumari, lakini uzito wake hausaidii kitu. Upepo wa kilomita 120 kwa saa unaweza kulivuta paa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 60 hadi 70 hivi kwa kila mita ya mraba, na kwenye kona na kingo zaidi ya hapo. Mita hiyo moja ya bati la geji 30 haina hata kilo tatu. Kinacholishika ni viungo: bati kwenye papi (mbao ndogo zinazobeba bati), papi kwenye kenchi (fremu za mbao za paa), kenchi kwenye mtambaapanya (mbao iliyolala juu ya ukuta), mtambaapanya kwenye lenta (mkanda wa zege unaozunguka ukuta). Paa likiokotwa shambani kwa jirani, bati zikiwa bado zimeng'ang'ania papi zake, usilaumu bati. Kilichoachia ni msumari wa papi.

Na huo ndio ugonjwa wa nyumba zetu nyingi. Papi ya 2x2 hupigwa msumari mmoja wa inchi 4, wima, basi. Msumari laini wa namna hiyo huchomoka ukivutwa juu, hasa kama mbao ilikuwa mbichi siku ya kupaua halafu ikakauka na kusinyaa. Kwenye paa jipya tumia hupu aini, yaani utepe wa chuma: kata kipande cha sentimita 40, kipitishe kwa mshazari juu ya papi, ncha moja ishukie upande huu wa kenchi na ya pili upande wa pili, kila ncha misumari mitatu ya inchi moja na nusu. Msumari ulioingia ubavuni hauvutwi kurudi ulikotokea. Ili uachie, lazima ukatike au upasue mbao. Bati likiwa limeshawekwa, hupu aini haipiti. Chukua waya wa mabati wa milimita 3, upenyeze chini ya mgongo wa bati, zungusha papi na kenchi mara mbili, kaza kwa plaizi. Ni kazi ya kuchosha mikono. Pesa ikiwa haba, anza na kona, kingo na papi mbili za chini, katikati patasubiri.

Kenchi na ukuta: nyumba inayojengwa iachiwe hupu aini au nondo ya milimita 8 ndani ya lenta kabla ya zege kumwagwa, moja kwa kila kenchi. Nyumba ya zamani, toboa ukuta chini ya lenta, pitisha waya au hupu aini, irudi juu na kuikumbatia kenchi. Ukitoboa tofali zilizo juu ya lenta umefunga paa kwenye tofali mbili tatu, na upepo utaondoka navyo vyote.

Sasa bati lenyewe. Msumari hukaa juu ya mgongo, si kwenye bonde ambako maji hupita. Kwenye papi ya chini kabisa, chini ya kofia (bati la kileleni mwa paa) na kwenye kingo za pembeni, piga kila mgongo. Katikati unaweza kuruka mmoja. Kwa papi ya 2x2 chagua msumari wa inchi 3: ncha itatokeza kidogo chini, ikunje. Wa inchi 2 na nusu hautokezi. Skrubu zenye mpira ni bora zaidi, mradi fundi asikaze hadi mpira ukachomoza pembeni, maana utapasuka kwa jua na kutu ianzie hapo. Pwani chumvi haisamehe: kichwa kilichokwisha kuwa chekundu kitoe.

Bati lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 50. Na paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa kuu. Lipewe mbao na nguzo zake, ili likienda liende peke yake.

Mawe na matairi juu ya bati sishauri. Paa likishtuka, jiwe linashuka kichwani mwa mtu. Afadhali kamba nene za wavuvi zipitishwe juu ya kofia na kufungwa kwenye vigingi vilivyochimbiwa ardhini, sentimita 60 au zaidi. Kwa nyumba ya makuti, tandika wavu mzima kabla ya kamba.

Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likishatoka, muda wa kupanda juu umekwisha. Funga milango na madirisha kwa makomeo, hasa ya upande wa upepo, kwani upepo ukiingia ndani unalisukuma paa kutoka chini huku mwingine ukilivuta juu. Jicho la kimbunga likipita juu yenu patatulia ghafla. Msitoke kukagua bati: upepo utarudi kutoka upande wa pili, na zile kingo ambazo hazijaguswa ndizo zitakazopigwa.