Jumuiya leo nusura ivunjike kwa chai

Jumuiya yetu ya Kikatoliki, ile ya majirani kusali pamoja, leo asubuhi ilikuwa kwetu. Rozari tumemaliza vizuri, mandazi yamepita, nikajua bado matangazo tu watu waondoke.

Binti mmoja akaulizia ile hati ya Vatikani ya Desemba 2023, iliyoruhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Weee!

Katekista mstaafu akajibu fasta, maaskofu wa Afrika walishasema Januari 2024, Kardinali Ambongo wa Kinshasa akasaini kwa niaba yao, baraka hizo huku hazitolewi, basi.

Binti hajatulia: "Lakini katekista, si ulitufundisha kumtii Papa? Au tunamtii akisema tunachopenda?"

Kimyaaa.

Mzee mwingine akachomekea Misa ya Kilatini, ile ya zamani, eti tangu Papa Fransisko aibane 2021 mambo yameharibika, nikasema moyoni mzee na wewe umetokea wapi tena.

Mi nilikuwa namwangalia katekista tu. Kikombe kinatetemeka, chai inamwagikia kwenye sosa, na huyu ndo alinifundisha Komunyo ya kwanza, sijawahi kumuona amekosa jibu.

Bibi mwenyekiti hata hajainua kichwa: "Mchango wa msiba nani hajatoa?"

Jamani, jumuiya zenu haya mnayaongea au mnayaruka?