Lori lisilo na taa pale Msabaha

Saa mbili usiku, natoka Gede na Probox yangu, nikalivaa lori la mchanga lililokufa katikati ya lami. Hakuna taa wala pembetatu. Matawi mawili tu ya mwarobaini, tena yamewekwa mbele yake! Nikajua kesi nishashinda.

Wakili, mama mmoja mpole wa hapa Malindi, akaniuliza: “Mwanangu, taa zako zilimulika umbali gani? Na mwendo?” Nikanyamaza.

Kumbe Sura ya 26 ya sheria za Kenya yaruhusu mahakama kugawa lawama: mwenye lori kwa kuziba njia bila onyo, nami kwa kukimbia kuliko macho yangu. Fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lako. Sasa tunabishania asilimia. Boneti bado iko kwa fundi.