Mkono wa Nane

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta karatasi ya kufunikia daftari, akaibuka kutoka chini ya kitanda na kitabu cha ufugaji wa kuku. Kuku hawakumpendeza. Kilichomvutia ni ile karatasi iliyobandikwa ukurasa wa mwisho, mihuri ya zambarau ikishuka kama ngazi, tarehe chini ya tarehe, halafu moja ya mwisho na weupe mtupu baada yake.

"Baba, hizi tarehe ni za nini?"

Nikamweleza kwamba ni kitabu cha maktaba, na kila muhuri ni siku ya mwisho ya kukirudisha. Akafikiri kidogo. "Kwa hivyo hii ya mwisho ndiyo siku uliyokirudisha?"

Mama yake alicheka jikoni mpaka chai ikampalia.

Wale mlionifahamu enzi za kuku mnajua walivyoisha. Kideri kiliwapitia kumi na tisa kwa wiki moja. Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu chanjo, nami niliifikia sura hiyo nikiwa nimeshachimba shimo la pili la kuzikia. Sikuwa na uso wa kukirudisha, na nilipoupata uso, faini ilikuwa imekua kuliko kuku wenyewe.

Lakini mihuri ile haikunirudisha kwa kuku. Ilinirudisha kwenye mkutano wa Septemba, kwenye ua wa maktaba ya mtaani kwetu, miaka kadhaa kabla ya Nakuru kutangazwa jiji ile Desemba ya 2021.

Notisi ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa gundi nyingi, kana kwamba waliogopa tungeibandua. Kuanzia mwezi ujao maktaba ingefungwa saa kumi jioni badala ya saa kumi na mbili unusu, na Jumamosi isingefunguliwa kabisa. Sababu zilikuwa wafanyakazi wachache, bili ya stima, na mlinzi. Saa kumi ndiyo saa ambayo mwanafunzi wa kutwa anatoka darasani. Akikimbia kweli kweli, angefika kumwona mlinzi akifunga kufuli. Na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ilikuwa inabisha hodi.

Mimi nilikuwa na shahada bila kazi, nikilala sebuleni kwa kaka yangu. Kila asubuhi nilikwenda maktaba kusoma magazeti ya bure, nikianza na ukurasa wa nafasi za kazi na kumalizia na michezo ili nisirudi nyumbani na huzuni tupu. Kwa kuwa mtaa mzima ulijua nina muda, nilifanywa katibu.

Tulikusanya sahihi kwa siku tatu. Asiyejua kuandika alitia dole gumba kwenye wino. Barua niliitunga mwenyewe, kwa Kiswahili kilichovaa tai: utamaduni wa kusoma, hazina ya maarifa, kizazi cha kesho. Nilijivunia sana ile "hazina". Tulipoipeleka, ofisi ya kwanza ilisema jambo hilo ni la ofisi ya pili, na ya pili ikatuuliza nani alitutuma kwa ya kwanza. Wiki mbili zikapita. Hatimaye tukaambiwa afisa atakuja kutusikiliza, Alhamisi, saa nane mchana.

Alikuja saa tisa. Tulikuwa tumeazima viti vya plastiki kanisani na kuvipanga chini ya mjakaranda. Upepo ulikuwa unavuma, na vumbi la Nakuru mnalijua. Wanasema hata jina la mji ni la Kimaasai, maana yake mahali pa vumbi.

Aliyefungua alikuwa yule mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu hafungui, anafundisha. Alianza na sheria ya maktaba iliyopitishwa na Bunge mwaka 1965, akapita kwenye Kifungu cha 37 cha Katiba kinachoturuhusu kukusanyika na kuwasilisha malalamiko kwa wakuu wa umma, kisha akafungua Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo na kuvaa miwani. Akatusomea kazi za kaunti, taratibu, kama anayeita majina darasani: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, video, maktaba. Akafunga kitabu.

"Mmesikia tumewekwa kundi moja na nani? Basi tulinganishe na jirani zetu. Kwa sheria ya Mututho, baa siku za kazi inafunguliwa saa kumi na moja jioni. Nyinyi mnataka maktaba ifungwe saa kumi. Kwa hiyo kijana amepewa saa moja ya kutembea polepole."

Watu walicheka mpaka mlinzi akaacha lango. Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, hapo chini tu, na ile sheria ya pombe ya 2010 tuliiona kama ya nyumbani. Hata afisa alicheka. Nikajua tumeshinda.

Afisa alipomaliza kucheka alifungua faili.

Hakuwa mtu mbaya, niseme hivyo. Alikuwa na sauti ya chini na shati lililopigwa pasi na mtu anayempenda. Alisoma idadi ya vitabu vilivyoazimwa mwezi uliotangulia. Vitabu vyote hivyo ungevitia kwenye gunia moja na nafasi ya viazi ingebaki. "Wanaoingia ni wengi," akasema, "nakubali. Lakini wanakuja na vitabu vyao. Wanakalia viti vyetu. Sasa naomba, bila kumwaibisha mtu, wenye kadi ya maktaba wainue mikono."

Nimewahi kusikia kimya cha msibani na kimya cha matokeo ya mtihani. Hiki kilikuwa kingine. Viti vya plastiki vililia kidogo, watu wakijisogeza. Mwalimu aliinua mkono kwanza, juu kabisa, kama anayeapa. Wasichana wawili wa kidato cha nne, wenye sweta za shule zilizochakaa viwiko. Fundi wa redio, jambo ambalo lilinishangaza. Mzee mmoja wa msikitini. Mtu na mkewe niliowajua kwa ugomvi tu. Saba. Nilihesabu kwa ncha ya kalamu maana nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, na nilishukuru kuwa na daftari la kuinamia.

"Na katibu?"

Alisema kwa upole, labda akinisaidia. Nikainua kichwa. Nyuma yake, kwenye mlango wa maktaba, alikuwa amesimama mama wa maktaba na lile sweta lake la kijani. Ndani, kwenye droo ya meza yake, kulikuwa na daftari la wadaiwa, na mimi nilikuwa humo. Kadi yangu aliizuia mwenyewe siku aliyochoka na hadithi zangu za kuku. Macho yetu yakakutana. Nikaona akisubiri, bila hasira, kama anayetazama mtoto wa jirani aliyepanda mti.

Nikainua mkono.

Sijui mkono una uzito gani, lakini ule nilihisi hadi mbavuni. Mama wa maktaba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, polepole sana, lenzi moja na kisha nyingine. Alipoivaa tena alikuwa akitazama mjakaranda. Nikaandika: wenye kadi, 8.

Hapo ndipo mama wa chapati aliposimama. Hakuomba nafasi.

"Bwana afisa, mimi sina kadi. Kusoma sijui. Lakini nina watoto watano na chumba kimoja, na landilodi anazima stima saa anayotaka yeye. Kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili unusu niko kwenye jiko, nageuza chapati. Saa hizo najua binti yangu yuko wapi. Yuko hapo ndani." Akaonyesha kwa mwiko, alikuwa amekuja nao. "Mkifunga, mtaniambia yuko wapi?"

"Mama, nakuelewa. Lakini kulinda watoto si kazi ya maktaba."

"Basi kitabu kikilala peke yake na taa imezimwa, ndiyo kazi yake?"

Afisa aliandika kitu. Ndiyo mara pekee aliyoandika siku ile, nami nilikuwa nikichungulia.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Baada ya mwezi notisi mpya ikaja: kufunga saa kumi na moja unusu, na Jumamosi nusu siku. Tulikunywa soda. Nilipigwa picha na barua yangu mkononi, ile yenye hazina ya maarifa, ambayo sina hakika kama kuna mtu aliisoma hadi mwisho. Ndani yake hakuna neno kuhusu taa, wala meza, wala landilodi. Niliona si mambo ya kuandikiwa ofisi. Pengine ningeyaandika wangetucheka. Pengine tungepata lile saa lililobaki. Nimelizungusha hili kichwani mara nyingi na bado linakaa vibaya.

Na ule mkono wa nane nao sijui niuweke wapi. Mama wa maktaba hakuwahi kunitajia. Alistaafu baadaye, na kila tulipokutana sokoni aliniuliza jambo moja tu: kuku hawajambo?

Binti yangu, kwa kuwa ni wa shule za siku hizi, alipiga hesabu kwenye simu: shilingi tano mara siku zote hizo. Alinionyesha kioo bila kusema neno. Nikamwambia Jumamosi tunakipeleka, liwalo na liwe.

Jumamosi kulikuwa na foleni barabarani. Tulifika saa saba na robo. Lango lilikuwa na kufuli, na ubao umepakwa rangi mpya: Jumamosi, mwisho saa saba mchana. Akausoma mara mbili, akanigeukia.

"Baba, si ulisema mlishinda?"

Kulikuwa na kijana wa mayai ya kuchemsha pale langoni. Tukanunua mawili, na kachumbari, tukarudi nyumbani na kitabu chetu.