Ngalawa: kumbukumbu za msimu wetu wa roboti, 2024/25

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Leo tumekaa watu kumi mbele ya televisheni moja, hapa Des Moines, Iowa, kusubiri mchezo wa mwaka utangazwe. FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ndivyo inavyokwenda: kila Septemba timu zote zinapewa mchezo mpya siku moja, na kuanzia hapo kila mtu anajenga roboti yake. Mchezo wa mwaka huu unaitwa Into the Deep, na mambo yake ni ya baharini. Nilifurahi peke yangu niliposikia, maana mimi ni mtoto wa Pangani na marehemu baba alikuwa mvuvi.

Vijana wangu ni wanane. Sita kati yao nyumbani wanaongea Kiswahili: wawili wazazi wao ni wa Uvira, mmoja wa Bukavu, wawili ni ndugu waliozaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na wa sita ni binti yangu. Wote wananiita mjomba, hata binti yangu tukiwa kwenye mradi. Kazi yangu ya kila siku ni matengenezo ya mashine kiwandani, kwa hiyo bisibisi sina hofu nayo. Programu ndiyo najifunza pamoja nao.

Mchezo wenyewe, kwa kifupi. Uwanja ni mraba wa mita 3.66 kila upande, umetandikwa vigae vya sponji. Roboti nne zinaingia, mbili upande mwekundu na mbili upande wa bluu. Sekunde 30 za kwanza roboti inajiendesha yenyewe, halafu madereva wanashika vidhibiti kwa dakika mbili. Katikati kuna fremu ya chuma wanayoiita nyambizi, na humo ndani na pembeni mwake kuna vipande vya plastiki vya njano, vyekundu na vya bluu, virefu kama sentimita 9. Unaweza kuvitumbukiza kwenye kikapu, au ukampelekea mchezaji wa pembeni akakivisha kipande klipu, kisha roboti ikakitundika kwenye fito ya nyambizi.

Jumamosi, 14 Septemba

Wiki nzima tumebishana. Vijana wote walitaka kikapu cha juu, kwa sababu kinapendeza kukitazama: roboti inarefuka hadi sentimita 109 na kumwaga kipande kutoka juu. Pointi 8. Fito ya juu iko sentimita 66 tu, na kila kipande kinachotundikwa ni pointi 10.

Nikawaambia wachukue karatasi wahesabu, si pointi bali vitu vinavyoweza kuharibika. Kwa kikapu tulifika kumi na nne, kwa fito tisa. Tukakubaliana: fito tu, msimu mzima. Mwenzetu wa upande wetu, ambaye hatumchagui wenyewe kwenye mechi za kawaida, akipenda vikapu basi na avichukue. Yule wa Bukavu hakuridhika na alisema hivyo waziwazi. Nimeandika pingamizi lake kwenye daftari la timu, kwa sababu anaweza kuwa sahihi.

Roboti imepata jina: Ngalawa. Vijana wa Uvira walitaka jina la samaki. Nilipotaja dagaa wakanisahihisha, kwamba kwao ni ndagala, na zikaenda dakika ishirini.

Oktoba

Fremu imesimama. Magurudumu ni ya mekanamu: kila moja lina viroli vidogo vilivyolala kwa nyuzi 45, kwa hiyo ukizungusha magurudumu manne kwa mpangilio fulani roboti inakwenda ubavu bila kugeuka, kama kaa. Asiyewahi kuona hilo husimama kutazama. Mama wa ndugu wawili alikuja kuwachukua akakaa saa nzima.

Kazi kubwa ya mwezi huu ni mkono wa kupanda. Tumetumia reli tatu zinazoteleza moja ndani ya nyingine, mfano wa reli za droo. Mota iko chini inakunja mshipi kwenye kigurudumu, mshipi unapita kwenye makapi madogo, yaani vigurudumu vya kupitishia kamba, ya juu na ya chini, na ukivutwa reli zinapanda. Roboti nzima inatakiwa kuanza mechi ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, kama sentimita 46, kwa hiyo kila kitu kinachorefuka lazima kiwe na pa kujikunja.

Nilipoona mshipi tulioletewa nilicheka kwa furaha. Ni ule wa kusokotwa wa kuvulia samaki wakubwa.

Novemba, baada ya mechi za kwanza za ligi

Tumecheza mechi tano, tumeshinda moja. Nataka niandike vizuri kilichotokea, kwa sababu usiku ule watoto walirudi wakidhani roboti yote ni mbovu, na haikuwa hivyo.

Mechi ya kwanza Ngalawa ilitundika vipande viwili. Mechi ya pili mkono ulipanda, ukatundika, ukashuka, na haukupanda tena. Mota inalia, reli hazitikisiki. Tulipoibeba hadi mezani tukaona mshipi umetoka kwenye kigurudumu na kujizungusha kwenye ekseli, umekaza hadi ukakata plastiki. Tukaukata kwa kisu, tukafunga mwingine. Mechi ya tatu fundo likachomoka. Mechi ya nne mshipi ukatoka tena. Mechi ya tano tulikuwa tunaendesha sanduku la magurudumu, na binti yangu, ambaye ni dereva wa pili, mikono yake haikuwa na la kufanya dakika mbili zote. Kumtazama kuliniuma.

Jumamosi iliyofuata hatukugusa kitu kingine. Tuliweka simu irekodi kigurudumu kwa karibu, mkono ukipanda na kushuka taratibu. Tatizo likaonekana. Wakati wa kupanda mshipi umekaza, hauna shida. Wakati wa kushuka mota inaachia mshipi haraka kuliko reli zinavyoanguka kwa uzito wake. Kwa sekunde moja mshipi unalegea, unafanya kitanzi hewani, na kitanzi kinaruka ukingo wa kigurudumu. Yule kijana wa Bukavu ndiye aliyeona kwanza. Alirudisha video nyuma mara tatu, akaweka kidole kwenye kioo: "Hapa, mjomba. Angalia hapa."

Dawa yake ni mshipi wa pili. Tuliongeza mshipi wa kurudisha, uliokunjwa kinyume kwenye kigurudumu hichohicho, wenye kazi ya kuvuta reli chini. Wa kwanza ukiachia, wa pili unakunja, na hakuna kinacholegea. Tuliongeza pia ukingo wa kigurudumu, kutoka milimita 2 hadi 6, tukauchapa upya kwa mashine ya 3D.

Fundo likabaki. Nilikuwa nimewafundisha fundo la baba, na hapo kosa lilikuwa langu: fundo lile ni la nailoni, na nailoni inajing'ata. Mshipi huu wa kusokotwa unateleza kama umepakwa sabuni. Tukafanya hivi. Unakunja ncha iwe mara mbili, unapitisha kitanzi kwenye pete, unapiga fundo la kawaida bila kukaza, kisha unaipitisha pete yenyewe ndani ya kitanzi. Unalowesha kwa mate, unavuta polepole. Wavuvi hulowesha kwa sababu msuguano wa kukaza hutoa joto, na joto hudhoofisha uzi. Na upande wa kigurudumu tunaacha mizunguko minne isiyofunguka kamwe, ili mzigo ubebwe na msuguano wa mizunguko na fundo lisibebe kitu.

Tulipandisha na kushusha mkono mara mia mbili, tukihesabu kwa sauti, sita kwa Kiswahili na wawili kwa Kiingereza. Haukutoka.

Desemba

Programu. Binti aliyezaliwa Nyarugusu ndiye mkuu wa idara hii, ana miaka kumi na tano. Anaandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, na haruhusu mtu aguse mabano yake.

Zile sekunde 30 za mwanzo zina thamani kuliko zinavyoonekana, maana kipande ulichokitundika hapo, kikibaki, huhesabiwa tena mwisho wa mechi. Mwanzoni aliiambia roboti: nenda mbele kwa sekunde moja na nusu, simama. Asubuhi ilikwenda sawa, jioni ilisimama kabla ya fito. Alibadilisha namba siku mbili mfululizo, kila betri ikimpinga. Betri yetu ni ya volti 12, lakini ikitoka chaji inasoma zaidi ya 13, na kadiri inavyoshuka mota nazo zinapunguza mwendo. Muda uleule, umbali tofauti.

Basi akaacha muda, akahamia kwenye enkoda, kihesabio kilicho ndani ya mota. Mota zetu huhesabu 537.7 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 10.4, kwa hiyo mzunguko mmoja ni sentimita 32.7 hivi. Gawanya, unapata hesabu 16 na nusu hivi kwa kila sentimita. Kigae kimoja cha uwanja, inchi 24, ni hesabu 1,003. Aliandika 1003 kwa chaki ubaoni, akaizungushia duara, na hadi leo hakuna aliyeifuta. Kwenda ubavu viroli huteleza kidogo, kwa hiyo huko tunazidisha kwa 1.1. Namba hiyo tumeipata kwa futi ya fundi, tukiwa tumepiga magoti sakafuni.

Januari 2025

Baridi ya Iowa ni kavu, na ukavu huo umetuletea jambo ambalo Pangani nisingeliota. Magurudumu yanasugua sponji, umeme tuli unajikusanya kwenye fremu, roboti ikigusa chuma cha nyambizi unatoka wote kwa mpigo. Kidhibiti kilicho ndani ya roboti, ubongo wake, kikazimika mara mbili katikati ya mechi. Tumekihamisha, tumekifunga juu ya kipande cha plastiki kisiguse chuma, na tumeweka waya maalumu wenye ukinzani kati yake na fremu, ambao sheria zinauruhusu. Toka hapo hakijazimika.

Februari, mashindano ya kufunga ligi

Asubuhi ni waamuzi kwanza. Dakika tano za kueleza kazi, kisha maswali, watu wazima hawaruhusiwi kusema neno. Nilikaa nyuma. Mmoja wa Uvira, ambaye hana hata miaka miwili Marekani na huwa haongei Kiingereza mbele za watu, aliulizwa kuhusu mkono. Alinyamaza kidogo. Halafu akatoa mfukoni pete na kipande cha mshipi, akafunga fundo mbele yao, akalowesha, akavuta, akampa mwamuzi avute. Akasema: "Try." Mwamuzi akavuta kwa nguvu, akamwita mwenzake naye ajaribu.

Kwenye mechi tulishinda tatu kati ya sita. Mechi bora tulitundika vipande sita, kimoja kikiwa cha sekunde 30 za mwanzo. Timu iliyoshika nafasi ya tatu ilikuwa na roboti nzuri ya vikapu na ilitafuta mtu wa fito, ikatuchagua kuwa wenzao kwenye mtoano. Yule wa Bukavu alinitazama tu, nami nikamtazama. Tulishinda moja, tukapoteza mbili, tukatoka. Ya mwisho tulishindwa kwa pointi 9, yaani pungufu ya kipande kimoja.

Mkono haukukwama hata mara moja siku nzima.

Jumamosi hii Ngalawa iko mezani bila magurudumu. Mshipi tumeupima: umechakaa sentimita mbili karibu na kapi la juu, nyuzi zimesimama kama manyoya. Mdogo wao wale ndugu wawili anaingia darasa la saba Agosti na ataruhusiwa kujiunga. Nimemkuta kwenye kona na yule kijana wa Uvira, wana pete moja na mshipi huo wa zamani, na fundo lake la kwanza limechomoka. Sasa anafunga la pili.